Pete Kumi na Nne

Télesphore Cirhuza alikuwa na siku thelathini na tatu kasho, yaani mahabusu, na ushahidi wote juu yake ulikuwa kidole kimoja. Jumatatu angepandishwa lori kwenda mahakamani. Kuuza siri za kampuni ya dhahabu: miaka mitano, na si karibu na kwake.

Asubuhi ya Jumanne Raphaël Bisimwa, msaidizi wa polisi wa daraja la kwanza, aliketi mbele ya dirisha la ofisi akaitoa tena ile picha kwenye jalada. Dirisha lilitazama ziwa. Mwaka ule wa 1957 ilikuwa vigumu kuketi mahali Bukavu pasipotazama ziwa, na maji yenyewe yalikuwa safi kiasi cha kuhesabu mawe chini pale ufukweni Muhumba. Mimoza zilichanua kando ya barabara. Asubuhi mji ulinukia maua hayo na moshi wa mikaratusi. Walioishi pale wanajua. Wengine wanadhani tunaongeza chumvi.

Picha ilipigwa kutoka kwenye ndege. Ilionyesha msitu na mto karibu na Kamituga, na juu ya msitu misalaba kumi na mmoja midogo. Kila msalaba ulikuwa mahali kampuni ilipotoboa ardhi ikakuta dhahabu. Kampuni ilipeleka kliche, yaani ile filimu yenyewe, kwenye Studio Mimosa ili ikuzwe. Zilitakiwa picha nne. Zilitoka nne. Mwezi mmoja baadaye ya tano ilikutwa ndani ya mfuko wa mlanguzi kule Kamituga.

Télesphore ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha giza. Na pembeni mwa picha ya tano, juu ya maji ya mto, palikuwa na mistari ya duara ndani ya duara. Komisera Lambrecht aliitazama kwa lenzi akasema: dole gumba. Akafungua livreti ya Télesphore, kile kitabu cha utambulisho alichobeba kila mtu mweusi mjini, akaona kwamba dole gumba lake la kulia nalo lina duara. Kuipeleka picha Léopoldville kwa wataalamu kungechukua miezi mitatu. Hakuipeleka.

Raphaël naye aliamini kidole. Aliamini tu kwamba ni cha mtu mwingine. Kwa wiki tatu alilinganisha duara lile na vidole vya kila mfanyakazi wa studio. Akabaki Bwana Gérard, msimamizi, ambaye kama Wazungu wote hakuwa na livreti wala hakuwahi kutiwa wino. Ijumaa Raphaël alichukua bilauri yake kwenye meza ya hoteli akainyunyizia unga wa penseli. Kidole cha Gérard kilikuwa na tao, hakikuwa na duara. Njia hiyo ikafungwa.

Sasa aliacha kulinganisha, akahesabu.

Mistari ilikuwa kumi na minne. Aliifuata mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Hakuna uliogawanyika. Hakuna uliokatika njiani. Raphaël alikuwa amekaa miaka tisa kwenye meza ya livreti, akikandamiza vidole vya watu wa Kabare, wa Walungu, wa Shabunda, vidole vya wakulima na vya wachimbaji vilivyolika na mawe. Mistari ya kidole iko kama matuta ya viazi: upana mmoja shamba zima, na mahali fulani tuta moja linakuwa mawili. Hii ilikuwa mipana katikati, halafu ikasongamana kadiri ilivyokwenda nje. Hakuna mtu aliyelimwa hivyo.

Alifunga jalada, akavaa kofia, akashuka kwenda gerezani.

Nje ya lango wanawake walikuwa wamekaa na vyakula vyao. Colombe, mke wa Télesphore, alikuwa na sufuria ya bugali na sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa. Alisimama alipomwona.

"Papa Raphaël. Pete yangu itarudi siku gani?"

"Iko mu dosie ya polisi, maman."

"Mimi sikuolewa na dosie."

Alinyanyua mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha pete palikuwa na alama ya duara, nyeupe kuliko ngozi nyingine. Raphaël aliitazama, akamwambia mlinzi apitishe sufuria bila kuichokoa kwa kijiti.

Télesphore alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini, na kucha zake zilikuwa bado na rangi ya dawa za picha. Alipomwona Raphaël alitoa mikono yote miwili mbele.

"Umekuja tena na wino?"

"Leo hapana. Hii ni nini?" Raphaël alimwekea picha, akagusa duara.

"Nilikuambia ile siku ya kwanza. Wewe mwenyewe njo uliandika. Nilisema: ile haiko kidole, iko pete."

Raphaël alifungua jalada kwenye ukurasa wa mahojiano. Komisera alikuwa ameuliza kwa Kifaransa, Télesphore akajibu kwa Kiswahili, na katikati alikuwa Raphaël, mkalimani aliyekula kiapo. Mwandiko ulikuwa wake. *C'est une bague.* Ni pete, ya kuvaa. Kwa neno hilo Komisera alielewa kwamba mlanguzi amelipa kwa pete ya dhahabu. Siku hiyohiyo askari wawili walipanda mtaa wa Kadutu, wakapekua nyumba, wakamvua Colombe pete ya ndoa. Kwenye orodha iliandikwa: pete moja, madini ya njano.

"Nilifikiri unasema pete ya kidole."

"Juu ya picha, papa? Pete ya kidole itafanya nini juu ya picha?"

"Ungenisahihisha."

"Ulinipa nafasi? Ulikuwa unaandika kama mutu mbwa iko nafukuza."

Raphaël alivuta kigoda akaketi. "Sasa sina mbwa. Nieleze polepole."

Télesphore alichukua kipande cha karatasi akakikunja kidogo, akakiweka juu ya bati la sahani yake.

"Bati iko kioo cha mashine ya kukuza picha. Karatasi iko kliche. Wakati wa mvua kliche inanyonya maji ya hewa, inavimba, haitaki kulala. Inagusa kioo hapa katikati, pembeni inainuka. Kati yao kuko hewa, nyembamba kushinda karatasi ya sigara. Unaniona?"

"Nakuona."

"Mwanga ukipita, sehemu moja inarudishwa na kliche, ingine inarudishwa na kioo. Zinakutana. Umeona mitumbwi mbili zikipishana pale Muhumba? Mawimbi ya huyu na mawimbi ya yule. Mahali pengine maji inapanda mara mbili. Mahali pengine inalala kabisa, kama hakuna mutumbwi ulipita."

"Nimeona."

"Mwanga njo vile. Mahali unapanda, karatasi inaungua, inakuwa nyeusi. Mahali unalala, inabaki nyeupe. Na sababu hewa inaongezeka kwa kuzunguka pale panapogusa, mistari nayo inazunguka. Kadiri unaenda inje, kliche inainuka mbio zaidi. Njo maana mistari inabanana."

"Nani alikufundisha?"

"Kitabu chenye kilikuja na mashine mupya. Bwana Gérard alikitumia kuinua muguu wa kiti."

Raphaël hakucheka, ingawa mlinzi mlangoni alicheka. "Basi kila picha ya masika ingekuwa na pete. Ninazo picha nyumbani. Hazina."

"Ziko nazo, lakini hauone. Lampe ya kawaida iko na rangi zote ndani yake. Kila rangi inachora pete zake, ingine kubwa, ingine ndogo, zinafunikana. Unaona tatu, ine, kisha inakuwa ukungu tu. Ile mashine ya zamani, yenye mimi natumika nayo, iko na lampe ya vile. Ile mupya iko na tube, taa ya bomba ya kioo. Mwanga wake kama majani mabichi na buluu. Rangi ziko kidogo sana ndani, hazipiganie. Pete zinaonekana mpaka mbali."

"Mpaka ngapi?"

"Niliokota karatasi moja yenye Bwana Gérard alitupa. Nilihesabu kumi na ine. Na kuko kitu ingine. Kufika ya saba zinafifia, ni kama zinataka kuisha. Kisha zinarudi. Sijui ni juu ya nini, sababu yake kitabu hakikusema. Lakini kila mara ni vile."

Raphaël aliinua picha ya Kamituga kuelekea dirisha dogo. Ya tano ilikuwa nyeusi. Ya sita, hafifu. Ya saba aliitafuta kwa sindano. Ya tisa ilikuwa imerudi, na ya kumi na mbili ilikuwa kali kama ya tatu.

"Chumba cha mashine mpya unaingia?"

"Mimi? Ufunguo iko ku mukanda wa Bwana Gérard. Alisema mikono yetu itaiua."

"Kliche nikitaka ivimbe, nifanye nini?"

"Itundike pale kunachemka maharage. Usiku moja. Na usiipanguse."

Raphaël alikuwa na kliche moja tu nyumbani. Ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo: harusi yake ya mwaka 1941, yeye na Eulalie mbele ya kanisa, anga tupu juu yao. Eulalie alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita. Jumatano jioni Raphaël aliitundika kliche jikoni kwa kibanio cha nguo, juu ya chungu.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu saa nne asubuhi, mvua ile ya Bukavu ya mwezi wa nne inayokuja kutoka juu ya ziwa kama ukuta. Studio Mimosa ilikuwa na mteja mmoja tu. Siku za Jumapili hukupata mahali pa kusimama pale. Watu walishuka kutoka Kadutu baada ya misa, wanaume na kofia za kuazima, akina mama na vitenge vya Pasaka, wakapanga foleni ili wapigwe picha mbele ya ndege iliyochorwa kwenye pazia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Picha zile bado zimetundikwa ukutani kwenye nyumba nyingi, na mara nyingi nyuso zilizomo ndizo pekee zilizobaki za wenyewe.

Bwana Gérard alikuwa mnene, mwekundu, mwenye furaha. Kidole kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe, Télesphore, basi polisi hawakumtisha. Walizungumza Kifaransa.

"Raphaël! Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja na harusi yangu, Bwana. Nataka mbili kubwa. Moja kwa mashine ya zamani, moja kwa ile mpya. Watu wanasema ya mpya ni bora, mimi nataka kuona kwa macho."

"Watu wanasema kweli. Ingia, utaona mwenyewe."

Chini ya taa nyekundu Gérard alifanya kazi vizuri. Hilo lazima lisemwe. Kwenye mashine ya zamani alihesabu sekunde kwa kugonga kisigino. Karatasi ilipoingia kwenye beseni, Eulalie alitokea kwanza kwa nywele, kisha macho, kisha mkono uliomshika mumewe kama anayeogopa kuanguka. Angani juu ya kanisa palikuwa na alama hafifu. Raphaël alihesabu. Tatu. Ya nne ungeweza kuibishania.

Kisha Gérard alichomoa ufunguo kwenye mkanda wake, akafungua mlango wa pili. Tube iliwaka, chumba kikawa rangi ya maji ya bwawa. Alirudia kazi ileile kwa kliche ileile. Eulalie alitokea tena, nywele, macho, mkono. Na juu ya kanisa, duara ndani ya duara, mpaka kwenye ukingo wa karatasi.

"Ah, balaa." Gérard aliipiga beseni kwa koleo. "Zinanichosha tangu mashine ifike. Hewa yenu ni supu."

"Ni nini hizo, Bwana?"

"*Anneaux.*"

"Siyo *bagues*?"

Gérard alicheka mpaka akakohoa. "*Bague* unavaa kidoleni, rafiki yangu. Hizi ni *anneaux*, miduara tu. Ngoja nirudie, nitapaka unga wa talki kwenye kioo, zitatoka."

"Kwa hiyo zinatoka kwa unga."

"Ukiwa na muda. Ukiwa na haraka unaziacha."

"Na wengine wanaotumia mashine hii, wanajua kuziondoa?"

"Wengine gani? Ufunguo ni huu mmoja. Tangu siku ya kwanza hakuna mkono mwingine ulioigusa." Alisema hivyo kwa majivuno. Koleo lilibaki hewani. Maji ya dawa yalidondoka mara tatu.

"Usirudie," Raphaël alisema. "Nazichukua hivihivi."

Ijumaa saa mbili asubuhi aliziweka picha tatu juu ya meza ya Komisera Lambrecht, pamoja na lenzi na sindano.

"Hesabu, Bwana Komisera."

Komisera alihesabu. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu, na mvivu akikaa chini anaweza kufanya kazi. Harusi ya mashine ya zamani: tatu. Harusi ya mashine mpya: kumi na nne, ya saba imefifia. Kamituga: kumi na nne, ya saba imefifia.

"Kidole gani kinaweza kuwa cha Télesphore kwenye Kamituga, na pia kiwe angani juu ya harusi yangu, wakati Télesphore yuko kasho?"

Komisera aliweka lenzi chini. Nje mlio wa boti ya Goma ulisikika, ikiingia kwenye ghuba.

"Gérard," alisema.

"Ufunguo mmoja. Amesema mwenyewe, na hakusukumwa."

"Huyu mweusi angeweza kutuambia mapema."

"Alituambia. Siku ya kwanza. Alisema pete, mimi nikaandika *bague*. Ilikuwa *anneau*."

Komisera aliisukuma lenzi pembeni. Kisha alivuta droo, akatoa karatasi nyeupe, lakini hakuisukuma.

"Sikiliza, Raphaël. Ninaweza kuandika kwamba mtaalamu ameona kosa la kidole. Itachukua muda, lakini jina lako halitaguswa. Télesphore ataondoka Jumatatu na lori, karatasi zitamfuata, watamrudisha. Miezi miwili, mitatu."

"Na njia nyingine?"

"Unatia sahihi hapa kwamba mkalimani wa kiapo alitafsiri vibaya. Mahojiano yanafutwa leo, naye anatoka kesho. Unajua daraja lako litapatwa na nini."

"Kalamu, Bwana Komisera."

"Una miaka kumi na sita kazini."

"Kumi na saba mwezi wa tisa. Kalamu."

Aliandika mistari minne kwa Kifaransa, kwa mwandiko uleule wa mahojiano, safari hii bila haraka. Aliandika *anneau* akalipigia mstari.

Jumamosi saa tatu mlango wa gereza ulifunguliwa. Télesphore alitoka amebeba sufuria tupu. Colombe alimpokea sufuria kwanza, kisha mkono. Raphaël alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Télesphore alivuka.

"Ya saba ilififia?" aliuliza.

"Ilififia."

"Na ikarudi?"

"Ikarudi."

Télesphore alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu. "Siku moja nitajua juu ya nini."

"Pete yangu?" Colombe alisema.

Raphaël alimwambia moja kwa moja. Vielelezo vilivyochukuliwa nyumbani kwao vilikuwa vimetangulia mahakamani na barua ya kwanza. Alikuwa amepiga simu. Bahasha ilifika imechanika pembeni, na ndani yake hamna kitu. Colombe aliweka sufuria chini. Alimtazama mpaka Raphaël akavua kofia.

Hesabu ilikuwa hivi. Bwana Gérard alipanda ndege ya Usumbura Jumamosi hiyohiyo mchana, masanduku mawili. Amri ya kumkamata ilisainiwa Jumatatu. Mlanguzi wa Kamituga alipata miaka mitatu. Télesphore alipoteza siku thelathini na saba, na kazi, kwa sababu studio ilisema haiwezi kumrudisha mtu aliyetoka gerezani, hata akiwa hana kosa. Ombi lake la kadi ya heshima ya raia, ile waliyopewa Waafrika wachache wenye mwenendo mwema, lilirudishwa, kwa kuwa aliwahi kufungwa. Raphaël alishuka daraja moja na hakulipanda tena. Picha za harusi zilibaki mbili, moja na pete tatu, nyingine na kumi na nne, na kliche yenyewe, iliyolowa jikoni, iliota kuvu mwezi uliofuata ikaharibika. Pete ya Colombe haikuonekana. Alama nyeupe kidoleni mwake ilichukua miezi minne kufutika.